Kilio Ndani ya Kuta Nne

Sisi watu wa Aldermere hatukuwahi kuona mwanamke aliyetunzwa na mumewe kama alivyotunzwa Bibi Idonea. Bwana Fulk alimkataza kupanda farasi. Alimkataza kupanda mashua, na kwetu mashua ndiyo njia, maana mabwawa yakishafura hata kanisani huendi kwa miguu. Akikohoa, mganga anaitwa. Akisema miguu imemwingia baridi, Bwana Fulk mwenyewe, na upanga wake kiunoni, anapiga goti na kumvisha soksi za sufu. Wanawake waliokuwa wakifua nguo mtoni walisema kuna watu wameumbwa na bahati zao. Bibi Idonea akiyasikia hayo hutabasamu vizuri tu, na chini ya joho lake magoti yanagongana.

Nieleze kwanza kilichokuwa kikimtisha, la sivyo utamwona mtu asiye na shukrani.

Idonea alikuwa mtoto pekee wa mzee Baldwin, bwana wa Aldermere. Baba yake alipofariki, nyumba kuu, kinu, mashamba ya shayiri na mabwawa yote ya bata vilikuwa mali yake. Mume wake wa kwanza, Warin, alikuwa kijana mcheshi, kazi yake kubwa duniani ilikuwa kuimba vibaya, na farasi akamwangusha akafa. Akamwachia binti mmoja, Amabel. Sasa mjane mwenye ardhi kama ile hajiozi mwenyewe. Yuko mikononi mwa mfalme, na mfalme humpa anayejua kufungua mkoba. Aliyefungua mkoba alikuwa Bwana Fulk wa Corfeld, naye akaja na mbwa wake, nguo zake na tabia zake nzuri.

Ardhi ya mke hubaki ya mke. Mke akifa, mume anafungasha virago na ardhi inakwenda kwa mrithi wa mke, na hapa mrithi ni Amabel. Ndivyo desturi yetu ilivyo, isipokuwa katika jambo moja. Kama mke amemzalia mume huyo mtoto, na mtoto akasikika akilia ndani ya kuta nne za nyumba, basi mume anakaa juu ya ardhi ile mpaka kufa kwake. Mke akifa saa ileile, anakaa. Mtoto akifa kesho yake, anakaa vilevile. Na kwa kuwa mwanamume haingii chumba cha uzazi, wala ushahidi wa wanawake haukubaliki katika jambo hilo, wanaume husimama nje wakatega masikio. Hawaulizwi waliona nini. Huulizwa walisikia nini.

Kwa hiyo kabla ya kilio hicho, Bwana Fulk alimhitaji mkewe awe hai. Baada ya kilio, asingemhitaji tena. Bibi Idonea alikuwa akiamka na wazo hilo na kulala nalo, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Usifikiri Bwana Fulk alikuwa mtu wa kufoka au kupiga. Angekuwa hivyo ingekuwa nafuu. Siku ya Mtakatifu Martin, tunapochinja wanyama wa kuliwa msimu wa baridi, alikaa mezani midomo inang'aa mafuta, akawa anawasimulia wageni habari za mtoto wake wa ndoa ya kwanza, kule Corfeld.

"Yule alikuwa na mapafu, jamani," alisema. "Alilia mpaka mbwa wakasimama. Nilikuwa nimewaweka mashahidi chini ya chumba, na wote walisikia, hata kiziwi mmoja."

Wageni wakacheka.

"Na mama yake?" Idonea aliuliza.

"Sabina? Maskini, hakufika hata siku ya kwenda kanisani kutoa shukrani. Homa ya uzazi." Akafuta midomo. "Na mtoto akamfuata. Ni mipango ya Mungu." Kisha akakata kipande laini cha nyama, akakiweka juu ya mkate wa mkewe. "Kula, mke wangu. Naona umekonda."

Kinu cha Corfeld kilikuwa kingali kinamsagia yeye, na ardhi ya marehemu Sabina ingali inalimwa kwa faida yake.

Je, alimuua? Sijui. Nimewauliza watu wa Corfeld, na wao hawajui. Wanawake hufa kwa uzazi kila mwaka bila kusaidiwa na mtu. Idonea naye hakujua, na huko kutojua ndiko kulikomla. Aliimeza ile nyama bila kutafuna, maana mimba ilikuwa tayari tumboni na aliyeijua alikuwa mmoja tu, mkunga wake, Mama Gunnora, ambaye ndiye aliyemzalisha mama yake Idonea na kumpokea Idonea mwenyewe.

Mimba haifichiki. Ilipofika Krismasi, Bwana Fulk alimtazama mkewe akishuka ngazi, akaelewa, na akalia machozi ya kweli. Alimkumbatia mbele ya watumishi. Siku hiyohiyo akaamuru nyufa za chumba cha juu zizibwe kwa nguo na majani, baridi isimpate mama mjamzito. Sakafu tu ndiyo aliyosema isizibwe. Chini ya sakafu hiyo ndiko ulikokuwa ukumbi.

"Mama," Idonea alimuuliza Gunnora walipokuwa peke yao, "mtoto anaweza kuzaliwa asilie?"

"Anaweza, akiwa mfu."

"Akiwa hai je?"

"Akiwa hai atalia tu, leo au kesho. Utamziba mdomo mpaka aote ndevu?"

Idonea akacheka, kisha kile kicheko kikamgeukia kikawa kilio. "Namtaka awe hai, mama. Na mimi nataka niwe hai. Ni vingi hivyo?"

"Kwa mwingine si vingi." Gunnora akamfuta machozi kwa pindo la aproni yake, iliyonuka vitunguu. "Sikiliza mwanangu. Akishalia, mimi sitoki chumbani humu. Utakachokula nitakionja kwanza. Utakachokunywa nitakinywa kwanza."

"Na ukifa wewe?"

"Nitakuwa nimekufa nimeshiba. Wangapi wanapata hiyo?"

Uchungu ulimjia kabla ya wakati wake, ndani ya Kwaresima, asubuhi ya mvua. Gunnora akafungua kila kilichofungwa: makasha, vifuniko vya vyungu, mafundo ya mapazia, nywele za Bibi, ili na tumbo nalo lifunguke. Amabel akapelekwa jikoni. Na Bwana Fulk, kabla hata maji hayajapata moto, akatuma watu wakaite mashahidi wake. Alikuja Hamo, msimamizi wa mashamba, mikono bado ina tope. Alikuja Gamel mtega bata, na Thurstan wa kinuni, nyusi nyeupe kwa unga. Padri Osbert pia alikuja. Wote ni watu wa Aldermere, wamelelewa kwa mkate wa mzee Baldwin, lakini wanamlimia Bwana Fulk na Bwana Fulk ndiye mwenye fimbo.

Idonea aliwasikia kupitia nyufa za sakafu. Alimsikia Thurstan akipiga chafya. Kama yeye anaisikia chafya yao, basi na wao wangesikia hata mtoto akipumua. Jasho jembamba likamtoka, na halikuwa jasho la uchungu.

"Atakayesikia akumbuke," sauti ya Bwana Fulk ilisema kule chini. "Kuna siku mtaulizwa."

Kuna siku. Siku gani hiyo, kama si siku ya kumzika yeye? Alishika kamba iliyofungwa kitandani akasukuma, na huku anasukuma anaogopa kusukuma. Sijui kama kuna hofu inayopita hiyo, mwili wako kufungua mlango ambao roho yako inauzuia kwa mikono yote miwili.

Mtoto akatoka. Alikuwa wa kiume, mdogo, amekunjamana, ana nywele nyeusi za mzee Baldwin. Akakaa kimya. Gunnora akamwinamisha, akamsugua mgongo. Idonea akajikuta anasema moyoni, lia mwanangu, lia, akiwa amesahau kila kitu. Mtoto akavuta pumzi. Akalia.

Ndipo Bibi Idonea alipokumbuka. Akapiga ukelele.

Alipiga ukelele juu ya sauti ya mwanawe, mdomo wazi, mishipa ya shingo imesimama, na mtoto alipovuta pumzi alie tena, naye akavuta pumzi akapiga tena. Huku anapiga kelele ananyoosha mikono. Gunnora alimtazama kama anayetazama mtu aliyerukwa na akili. Kisha akaelewa. Akamweka mtoto kifuani pa mama yake, mdomo kwenye titi, na chumba kikatulia.

Chini hapakusikika kitu, hata mguu kuburutwa.

Mtoto hakunyonya. Midomo yake ilikuwa imeanza kugeuka rangi, na pumzi zake zilikuwa zikija kwa kusitasita, kama mtu anayetafakari kama arudi au aende. Gunnora alimgusa kifua kwa vidole viwili.

"Huyu hakai," alinong'ona. "Kaja mapema mno."

Akachovya mkono katika bakuli la maji, akammiminia kichwani. Mkunga anaruhusiwa, mtoto akiwa hawezi kumngoja padri. "Baldwin," alisema kwa sauti ya pumzi tupu, "nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana." Yaliyobaki Idonea hakuyasikia kwa jinsi moyo ulivyokuwa ukimdunda.

Angeweza kuita wakati ule. Angesema tu, mwanangu alilia, amebatizwa, na mtoto angepigiwa kengele, angesaliwa, angezikwa na msalaba ndani ya ua wa kanisa kama binadamu. Na Bwana Fulk angepata ardhi yake ya maisha, asingekuwa na haja ya mke tena, na Amabel angebaki mikononi mwake. Akisema hakulia, basi alizaliwa mfu. Mfu habatizwi. Asiyebatizwa anachimbiwa nje ya ua, upande wa matopeni, pamoja na maiti za watu tusiowajua walioletwa na maji. Alimshika mwanawe mpaka pumzi zilipokwisha, akamwomba msamaha sikioni, polepole, kama anayembembeleza alale.

"Mama," alisema, "hakulia."

"Mwanangu, nimemsikia kwa masikio yangu haya."

"Umenisikia mimi."

Gunnora alimfunika mtoto kwa kitambaa. Alikuwa mtu wa dini, na alikuwa amezalisha nusu ya kijiji bila kusema uongo hata mmoja ninaoujua.

"Nimekusikia wewe," alisema mwishowe, na akageukia ukuta.

Bwana Fulk alipanda ngazi. Hakupaswa kuingia, lakini nani angemzuia? Mkononi alikuwa na kikombe kinatoa moshi.

"Mvinyo wa moto, na mayai, na asali," alisema. "Nimekutengenezea kwa mikono yangu. Sabina alikuwa anaupenda sana." Alisimama mbali kidogo na kitanda, kikombe hajakitoa. "Alilia?"

"Hapana, Bwana."

"Nilisikia sauti."

"Ilikuwa yangu."

"Ilikuwa nyembamba, mke wangu."

"Ungezaa wewe, Bwana, ungejua mtu anaweza kutoa sauti ngapi."

Hakucheka. Alimgeukia mkunga. "Na wewe?"

"Nimemsugua, nimempulizia puani, nimemchapa makalio," Gunnora alisema bila kugeuka. "Mungu hakutaka."

Bwana Fulk alifunua kitambaa, akamtazama mwanawe, akamgusa shavu. Shavu lilikuwa bado lina joto, na Idonea aliona vidole vya mumewe vikisita pale. Akafunika. Akaenda mlangoni, akainama juu ya ngazi. "Nyie huko chini. Mlisikia nini?"

Idonea alifumba macho. Alihesabu kwamba amekufa. Wanaume wanne, na yeyote kati yao, kwa woga au kwa kutaka shukrani, angetamka neno moja tu.

"Tulimsikia Bibi, Bwana," ilikuja sauti ya Hamo.

"Na mtoto?"

"Tulimsikia Bibi."

"Bibi tu," alisema Gamel.

"Mimi nilikuwa napiga chafya," alisema Thurstan.

"Padri?"

"Nilikuwa nasali, Bwana," Padri Osbert alijibu. "Nikisali sisikii kitu, hata jikoni wakiniita chakula."

Bwana Fulk alibaki amesimama na kikombe chake. Kisha akaenda dirishani, akasukuma ubao, akamwaga kile kinywaji nje kwenye mvua. Moshi wake ulikuwa bado unapanda.

"Kimepoa," alisema. "Nitakuletea kingine." Akambusu mkewe kwenye paji la uso.

Na kweli alileta kingine. Idonea alikinywa chote mbele yake, kwa sababu kukikataa kungekuwa kusema anachokijua, na Gunnora hakupata nafasi ya kuonja. Kilikuwa na ladha ya mayai na asali. Kile cha kwanza kilikuwa na nini, usiniulize mimi. Mvua ilikiosha.

Padri Osbert alikuja jioni ile kuchukua kisanduku. Idonea alimsubiri aseme nje ya ua, upande wa matopeni. Padri akasugua pua. "Kule nje maji yamejaa, Bibi," alisema. "Ukichimba, shimo linakunywa. Nitamweka pembeni mwa kanisa, palepale ukutani, chini ya mchirizi wa paa. Hakuna anayepita pale." Na akamzika mwenyewe, bila kengele, bila msalaba, mahali ambapo mvua ikinyesha maji ya paa la kanisa yanatiririka moja kwa moja juu yake. Idonea alijiuliza kwa miaka mingi ni kwa nini padri alijisumbua kumchimbia kwa mikono yake mtoto asiye na jina. Swali hilo likawa hofu nyingine, akaliweka pamoja na zile nyingine.

Kwa maana hofu haikuisha, ilibadilika tu. Alikuwa ameokoka kwa neno la watu wanne waliokuwa chini ya sakafu yenye nyufa, na hakuamini kwamba hawakusikia. Au waliamini kweli kwamba ni yeye tu? Kila sikukuu, pombe ya shayiri ikizunguka, macho yake yalikuwa kwa Hamo, maana Hamo akinywa ulimi unateleza. Mwaka mmoja Hamo alisimama juu ya benchi akasema ana siri ya kuwaambia watu wote. Idonea akashika ukingo wa meza mpaka kucha zikaingia mbaoni. Siri yenyewe ilikuwa kwamba jibini la mama mkwe wake linanuka. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na Bibi wa nyumba akainuka akaenda kutapika uani.

Thurstan alipougua alimpelekea supu. Baadaye akajuta, akaona ataonekana anamlipa. Gamel alipoomba ruhusa ya kutega bata kwenye bwawa la juu alimkatalia, kisha akakosa usingizi kwa kuhofia amemkasirisha. Padri Osbert alipofariki alilia, na ndani ya kulia kwake kulikuwa na faraja kidogo kwamba wamebaki watatu. Aliona aibu kwa faraja hiyo. Gunnora naye akafa, ameshiba kama alivyotaka, na baada ya hapo Idonea hakuwa na mtu hata mmoja wa kutazamana naye.

Na Bwana Fulk aliendelea kumtunza. Alitaka mtoto mwingine, akamlisha mayai ya bata na kumwekea maji ya baraka chini ya mto, lakini tumbo halikushika tena. Kwa hiyo ilimbidi mke aishi. Akamlinda kama yai. Wakati mwingine, wakila kimya kimya, aliweka kisu chini na kusema, "Naikumbuka ile sauti, mke wangu."

"Sauti ipi, Bwana?"

"Ile nyembamba."

"Ilikuwa yangu."

"Ndiyo. Uliniambia."

Na anachukua kisu, anaendelea kula. Mazungumzo hayo yalirudi kila alipokuwa ameanza kuyasahau. Amabel alikua, akaolewa na mtu mpole wa nchi ya vilima, akapata watoto wenye kelele. Mama yake akienda kuwaona, vitoto vikilia, alikuwa akishtuka na kugeuka kutazama nani amesikia. Amabel alidhani mama hapendi watoto.

Bwana Fulk alikufa kwa tamaa ya bata bukini. Aliwafuata juu ya barafu, barafu ikavunjika, wakamtoa hai lakini kifua kimejaa. Idonea alimuuguza kama inavyopasa. Siku ya mwisho alimshika mkono, vidole vyake vilevile.

"Idonea. Sasa niambie. Alilia?"

Alikuwa mtu anayekufa, hana nguvu ya kuinua hata kijiko. Ardhi isingemfaa tena. Na bado Bibi Idonea, nywele zimekuwa nyeupe, alisikia magoti yanagongana.

"Hakulia, Bwana."

Alitaka na yeye kuuliza. Swali lilikuwa mdomoni, kile kikombe, na Sabina. Ulimi haukunyanyuka. Bwana Fulk aligeuza uso ukutani, na jibu lake akaenda nalo.

Baada ya maziko watu walikula ukumbini, mkate na samaki wa chumvi. Wageni wa Corfeld walipoondoka walibaki wa nyumbani tu, wakiota moto: Hamo amepinda mgongo, Thurstan na chafya zake, Gamel hana meno. Idonea alikaa kwenye kiti cha baba yake. Juu ya vichwa vyao ilikuwa sakafu ileile.

Alianza kutetemeka, na safari hii hakuficha.

"Nina neno," alisema. "Nimelibeba muda mrefu, na nyinyi mnaweza kunihukumu. Yule mtoto wangu. Alilia." Aliwatazama mmoja mmoja. "Alizaliwa hai, akalia. Aliitwa Baldwin. Nilipiga kelele ili msimsikie. Niliwafanya mseme uongo bila kujua, na yeye nikamwacha azikwe kama mnyama. Niliogopa kufa."

Hakuna aliyeinua uso. Hamo alichokoa moto kwa kijiti. Thurstan alimtazama Gamel, na Gamel akatazama dari.

"Bibi," Hamo alisema, "bila nani kujua?"

Idonea hakuelewa.

"Dada yangu aliolewa Corfeld," alisema Gamel. "Tulijua habari za Corfeld kabla hata farasi wa huyu bwana hajafika hapa. Tulipoitwa ile asubuhi, njia nzima tulikuwa tunaulizana tusikie nini. Padri ndiye aliyesema, tumsikie Bibi."

"Padri Osbert?"

"Unadhani alikuwa anachimba makaburi kwa kupenda, na mgongo ule?" alisema Hamo. "Alimweka pale ambapo maji ya kanisa yatambatiza kila mvua. Alidhani hamkupata nafasi ya kumbatiza. Bwana hakutuapisha, kwa hiyo shukuru. Angetuletea mifupa ya watakatifu tuishike, sijui Thurstan angefanyaje."

"Ningepiga chafya," alisema Thurstan.

Miaka yote ile alikuwa akiwatazama midomo, na wao walikuwa wakimtazama yeye, wakihofia asije akajisaliti. Idonea aliweka uso kwenye viganja vyake. Alilia vile ambavyo hakuwahi kulia ndani ya nyumba ile, kwa sauti, bila kujali nani yuko chini na nani yuko juu. Wale wazee walikaa wakamngoja.

Alipotulia aliuliza jambo moja, kwa sauti ndogo, kama anayeogopa kuomba.

"Kwa hiyo mlimsikia. Mwanangu. Mlimsikia kweli?"

Gamel alicheka, ufizi mtupu.

"Ulipiga kelele sana, Bibi," alisema. "Lakini alikushinda."